London hadi Tokyo ni saa ngapi?

Safari yangu ya kwanza kwenda Tokyo niliwatangazia watu kwamba ningekaa angani saa 20. Sikuwa natia chumvi. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Kuondoka London 11:30, kufika Tokyo 07:15 kesho yake. Nilihesabu kwa vidole nikapata saa 19 na dakika 45, nikaongeza robo ya kujihami, kisha nikajiandaa kama mtu anayekwenda kulazwa: mto wa shingo, soksi nzito, vitabu viwili vinene. Mwaka ulikuwa 2016. Mimi nilikuwa London kikazi, mdogo wangu alikuwa Tokyo kimasomo, na hiyo ikawa ya kwanza kati ya safari sita nilizokuja kufanya baina ya miji hiyo miwili.

Milango ilipofungwa rubani alitusalimu, akasema tutakuwa hewani kwa saa 11 na dakika 20. Nilishtuka. Nikamgeukia mzee aliyekaa kiti cha pembeni na kumwuliza kama hii kweli ni ndege ya Tokyo. Akacheka kwa adabu, akaomba kuiona tiketi yangu, akachomoa kalamu na kuandika nyuma yake: 19:45, chini yake 8:00, akapiga mstari, 11:45. Hakueleza kitu, alinirudishia tu. Ilinichukua dakika nzima kutambua kwamba 11:30 ilikuwa saa ya London na 07:15 ilikuwa saa ya Tokyo, nami nilikuwa nimetoa moja kwenye nyingine kana kwamba zimetoka kwenye ukuta mmoja. Ni kama kupima kitambaa ukaanza kwa inchi ukamaliza kwa sentimita, halafu ukashangaa kanzu haikutoshi.

Hilo lilikuwa kosa la hesabu. La pili lilikuwa la lugha, nalo liliniuma zaidi kwa sababu Kiswahili ndicho ninachokiota usiku. Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nimemwandikia mdogo wangu: "Nafika Jumamosi saa 7 na robo, unipokee." Mimi nilinakili namba ya tiketi. Yeye aliisoma kama Mswahili yeyote angeisoma: saa saba na robo, yaani mchana, jua la utosi. Nilitoka na mizigo yangu saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye ukumbi wa kuwasili nikiangalia wenzangu wanavyokumbatiwa mmoja mmoja hadi kundi letu lote likaisha, likaja kundi la ndege nyingine, nalo likaisha. Simu yangu haikuwa na mtandao wa huko. Saa sita na nusu mchana nikamwona anaingia kwa madaha, amependeza, anajipongeza kwa kuwahi.

"Dada! Ndege yenu imefika mapema?"

Sikumjibu kwa muda. Lakini tangu siku hiyo nikitaja saa ya tiketi naiandika na sifuri yake mbele, 07:15, na pembeni naongeza kwa maneno: saa moja na robo asubuhi. Sifuri ile inaonekana haina kazi. Ingeniokolea saa nne na nusu za kukaa juu ya sanduku.

Tiketi ya kurudi nayo ilikuwa na kichekesho chake. Kuondoka Tokyo 08:50, kufika London 13:05, siku hiyohiyo. Kwa macho matupu ni saa 4 na robo. Safari hii sikudanganyika, ila nilikaa nazo zile namba mbili nikagundua jambo ambalo nimelitumia mara nyingi tangu hapo. Ukijumlisha 19:45 ya kwenda na 4:15 ya kurudi unapata saa 24 kamili. Gawa kwa mbili: saa 12. Hiyo ndiyo wastani wa safari yenyewe, na sikuhitaji kujua Tokyo iko mbele ya London kwa saa ngapi, kwa sababu tofauti ile imeongezwa unapokwenda na imepunguzwa unaporudi, ikajifuta. Jaribu kwa miji yoyote miwili unayotaka. Sharti ni moja tu, kwamba kwenda na kurudi viwe ndani ya majira yaleyale ya saa.

Sharti hilo si la kupuuza. Japani haigusi saa zake mwaka mzima. Uingereza husogeza zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti ni saa 8 kiangazi na saa 9 majira ya baridi. Nilikuwa na kawaida ya kumpigia mdogo wangu saa nne usiku ya London, ambayo kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka. Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba nilipiga saa ileile. Alipokea akinong'ona, amebanwa ndani ya treni, maana kwake ilikuwa imeshafika saa moja. Mimi ndiye niliyehama na sikujua.

Baada ya saa, nikaanza kuzisumbua kilomita. Niliandika majina ya miji hiyo miwili kwenye kikokotoo cha umbali nikapewa 9,560. Kikokotoo kingine kikanipa 5,940, cha tatu 5,162. Nilidhani mojawapo kimeharibika. Kumbe vyote vitatu vilikuwa vinasema jambo moja: cha kwanza kwa kilomita, cha pili kwa maili za nchi kavu, za kilomita 1.609, na cha tatu kwa maili za baharini, za kilomita 1.852, ambazo ndizo marubani wanazotumia hata pale chini yao pasipo na bahari. Hapo ni kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Ukitoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi ule wa Haneda, Tokyo, ni kama 9,600.

Lakini kilichonisumbua hasa kilikuwa ramani. Kichwani mwangu njia ya kwenda Tokyo ilikuwa mstari ulionyooka kama niliouzoea kwenye ramani ya ukutani shuleni. Ukiweka rula pale, unatoka London, unakatiza Ujerumani, Ukraine, Kazakhstan, kaskazini mwa China, unafika. Ndege yetu haikufanya hivyo hata kidogo. Kwenye skrini ya kiti kile kindege kidogo cheupe kilishika kaskazini, kikavuka bahari kuelekea Skandinavia, kikaendelea kupanda hadi nikaona kingo za Bahari ya Aktiki, ndipo kikaanza kushuka taratibu juu ya Siberia. Usiku ule wa kwanza niliamini tunakwepa dhoruba. Nilikaza mkanda, nikawa namwangalia mhudumu usoni kila anapopita, nikitafuta dalili ya wasiwasi. Alidhani nataka maji. Nililetewa maji mara tatu.

Aliyenitoa ujinga ni mdogo wangu. Chumbani kwake kulikuwa na tufe la dunia, dogo la kuchezea, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nilipomsimulia jinsi tulivyozungushwa alichomoa uzi kwenye sindano, akaushika kwa kidole gumba juu ya London na kwa kidole cha shahada juu ya Tokyo. "Vuta, dada." Nikavuta. Uzi ulipokuwa umelegea ulipita popote ulipopenda. Ulipokaza ulichupa wenyewe kwenda juu, ukalala karibu na nyuzi 70 kaskazini, juu ya ile baridi niliyoiona kwenye skrini. Nikaushusha kwa nguvu upite pale rula yangu ilipopita, juu ya Kazakhstan. Haukutosha. Ulipungua kama upana wa kucha.

Ule upana wa kucha ni kilomita 1,700. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu: ukifuata mstari wa rula wa ramani ile ya ukutani, iitwayo ya Mercator, ambao kwa kweli ni njia ya kushika mwelekeo mmoja wa dira bila kugeuka, utasafiri karibu kilomita 11,300 badala ya 9,560. Karibu saa mbili za bure. Ramani ile ilitengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, waliotaka pembe za dira zitoke sawa, na kwa kazi hiyo haijawadanganya. Kosa ni letu sisi tunaoiuliza swali la urefu. Rubani hakuwa anazunguka. Yeye alikuwa amenyoosha, dunia ndiyo iliyopinda.

Kwa hiyo nikajiona nimeiva. Nina kilomita 9,600, ndege hizi husafiri karibu kilomita 900 kwa saa, gawanya: saa 10 na dakika 40. Ongeza kidogo kwa kupanda na kushuka. Lakini kwa nini kwenda ni 11:45 na kurudi ni 12:15, wakati barabara ni ileile?

Jibu nililiona Januari ya 2018, tena kwa macho. Tulikuwa tumeshaanza kuikaribia Japani, nami nilikuwa nimeiacha skrini kwenye ukurasa wa mwendo kwa sababu filamu zilinishinda. Namba ikaanza kupanda: 930, 985, 1,040, ikapita 1,080. Injini hazikubadili sauti. Hakuna aliyekanyaga mafuta. Tulikuwa tumeingia kwenye mkondo wa upepo wa juu, ule mto wa hewa unaotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo kilekile ndege zinakopita, na majira ya baridi juu ya Japani unaweza kupita hata kilomita 300 kwa saa. Ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Tulifika dakika 40 kabla ya wakati. Wiki mbili baadaye nikirudi, skrini ileile ilinionyesha 770 kwa muda mrefu, na nilipofika London basi langu la mwisho lilikuwa limeshaondoka.

Wa kwanza kuupima upepo huo kwa makini alikuwa Mjapani, Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, si mbali na Tokyo, na kuyafuata kwa darubini, miaka ya 1920. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akiamini ndiyo lugha ambayo dunia nzima ingeisoma. Dunia haikuisoma. Marubani wa Kimarekani walikuja kukutana na upepo ule wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, juu ya Japani, wakashangaa mabomu yao yanaangukia kwingine. Kila nikikumbuka jinsi mimi na ndugu yangu tulivyoshindwa kuelewana juu ya "saa 7" namwonea huruma mzee Oishi.

Kuna watu husema upepo haujalishi, maana unachopewa kwenda unanyang'anywa kurudi. Nami nilisema hivyo mpaka nilipopiga hesabu. Chukua kilomita 9,600 na upepo wa 100. Kwenda kwa 1,000 ni saa 9 na dakika 36; kurudi kwa 800 ni saa 12 kamili. Jumla 21 na dakika 36. Bila upepo wowote, kwa 900 kwenda na kurudi, ni saa 21 na dakika 20. Upepo unakula riba. Sababu ni nyepesi: unakaa ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya mzuri. Mfano mkubwa zaidi ninaoujua si wa njia yangu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba ikiwa inasukuma mkondo ule juu ya Atlantiki, ndege ya abiria ilitoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Waliokuwa wakienda upande wa pili usiku huo hawakuandikwa kwenye magazeti.

Nirudi kwenye zile dakika 25 za siku ya kwanza, maana nilizibeba kichwani muda mrefu. Rubani alisema 11:20, tiketi ilisema 11:45. Hakuna aliyekosea. Muda wa tiketi huanza pale ndege inapoachia lango na huisha inaposimama kwenye lango jingine. Muda wa rubani ni kutoka magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa. Katikati kuna kutembea kwenye lami, foleni ya kuruka, foleni ya lango. Na mashirika hutia akiba humo, ili wakichelewa kidogo bado waonekane wamewahi. Heathrow, yenye njia mbili tu za kurukia na ndege nyingi kupita kiasi, foleni nyingine iko hewani: kuna sehemu nne ambako ndege huzungushwa zikisubiri zamu. Mara moja tulizungushwa upande wa Lambourne, kaskazini mashariki mwa mji, nikauona mto Thames waziwazi kupitia mawingu yaliyopasuka, nikauona tena, nikauona tena. Skrini ilikuwa inasema zimebaki kilomita 50. Ilisema hivyo kwa dakika 20.

Kosa lililonigharimu zaidi, hata hivyo, halikuwa la anga. Mwaka 2019 nilitaka kufika Tokyo na kuendelea moja kwa moja hadi Sapporo, mji wa kaskazini mwa Japani, ambako mdogo wangu alikuwa kwa muda. Nilikata tiketi mbili mbalimbali, maana kwa pamoja ilikuwa ghali. Ya kwanza: London hadi Tokyo. Ya pili: Tokyo hadi Sapporo, inaondoka saa tatu baadaye. Saa tatu! Nilijiona bingwa wa tahadhari. Nikiwa Haneda, nikivuta sanduku, nikatafuta ndege yangu kwenye ubao. Haipo. Nikamwonyesha tiketi binti wa dawati la maelezo. Aliisoma, akaisoma tena, akainamisha kichwa kama mtu anayetoa rambirambi, akaweka kidole juu ya herufi tatu: NRT.

Narita. Tokyo ina viwanja viwili vya kimataifa. Haneda iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Narita iko karibu kilomita 60, upande wa mashariki. Kutoka kimoja hadi kingine ni zaidi ya saa moja kwa basi, kama barabara imekubali, na mimi nilikuwa nimeshatumia saa nzima na robo kwenye uhamiaji na mizigo. Ndege ya Sapporo niliiona kwenye simu, ikionyeshwa kwa rangi ya kijani kwamba imeondoka kwa wakati. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, kila moja na shirika lake, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunipakia nyingine. Na sikuwa na wa kumlaumu. "Tokyo" niliyoichagua kwenye orodha ilikuwa na maana ya viwanja vyote kwa pamoja, nami nilibonyeza bei iliyonifurahisha. Siku hizi huwa siangalii jina la mji. Naangalia zile herufi tatu, halafu naziangalia tena kabla ya kulipa.

Halafu ikaja 2022, na kila nilichojua kikapinduka. Mwezi Februari, vita vya Ukraine vilipoanza, Uingereza ilizifungia ndege za Urusi anga yake, na Urusi ikajibu kwa kuzifungia za Uingereza. Siku chache baadaye nchi za Umoja wa Ulaya nazo zikaingia humo. Mashirika ya Japani nayo yakaacha kupita Siberia. Ule uzi wa mdogo wangu ukakatwa katikati. Kilomita 9,560 kati ya miji hiyo bado ziko palepale, vikokotoo bado vinazitoa, lakini hakuna anayezipita. Wengine hushuka kusini, kupitia Uturuki, Asia ya Kati na China. Wengine hupanda juu kabisa.

Mimi nilipanda juu, Desemba ya 2023, nikirudi. Tuliondoka Haneda Jumanne saa nne asubuhi, na badala ya kushika magharibi, ndege ikageukia mashariki, ikaipa London mgongo. Abiria wa mbele yangu, kijana, aliinuka nusu akaangalia skrini, akamwangalia mwenzake. Niliutambua uso ule. Nilikuwa nao mimi mwaka 2016. Nikamwambia, tunapitia Alaska.

Tulikuwa hewani saa tatu na ushee tu jua likaanza kuzama. Nilikuwa sijamaliza hata kuzoea asubuhi. Likazama kwa rangi ya chungwa iliyonyooka kama uzi, kisha giza, na giza lile halikuwa la kawaida, lilikuwa giza la Aktiki ya Desemba ambalo haliulizi ni saa ngapi. Tulivuka mstari wa tarehe mahali fulani karibu na mlango-bahari wa Bering, kati ya Urusi na Alaska. Nilitoa simu nikatafuta saa ya Alaska: Jumatatu, saa tatu usiku. Nilitoka Tokyo Jumanne asubuhi, nimekaa kitini, sijafanya lolote, nimeingia jana. Saa tatu baadaye, kwa saa ileile ya Alaska, usiku wa manane ulipita ukanirudishia Jumanne yangu. Nje ilikuwa nyuzi 60 na kitu chini ya sifuri. Huko juu marubani hulichunga joto la mafuta kama mama anavyochunga homa ya mtoto, kwani aina inayotumika sana, Jet A-1, huanza kuganda nyuzi 47 chini ya sifuri, na yakipoa kupita kiasi itabidi washuke kwenye hewa ya vuguvugu au waongeze mwendo.

Giza liliendelea kwa muda wa saa nane hivi. Upande wa Greenland ukingo wa dunia ukaanza kuwa na mwanga, na tulipokaribia Iceland jua likachungulia, dogo, jekundu, limekaa juu ya mawingu kama linaomba ruhusa. Jua la pili la Jumanne. Tulitua Heathrow saa tisa na nusu alasiri, baada ya saa 14 na nusu, na nilipokuwa nasubiri sanduku nikaliona kupitia kioo likizama tena.

Kutoka Tokyo hadi Anchorage, huko Alaska, ni karibu kilomita 5,500, na kutoka Anchorage hadi London karibu 7,200. Sisi tulipita juu kidogo ya hapo, lakini ukijumlisha hizo unapata picha: kama 12,700 badala ya 9,560. Na kumbe njia hiyo si mpya. Februari 1957 shirika la ndege la Skandinavia, SAS, lilianza safari za Copenhagen hadi Tokyo kwa kutua Anchorage, kwa sababu anga ya Kisovieti ilikuwa imefungwa, na kwa miaka mingi wasafiri wa Ulaya na Japani walikuwa wakishuka Alaska kunyoosha miguu huku ndege ikijazwa mafuta. Tofauti ni kwamba siku hizi hatusimami. Mzee yule wa 2016 lazima aliijua ile njia ya zamani. Natamani ningemwuliza.

Kuhusu mwili sina mengi, maana kila mtu ana wake. Kwenda mashariki huniumiza kuliko kurudi; wanasema ni kwa sababu saa ya ndani ya mwili wa binadamu kwa watu wengi inapita kidogo saa 24, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Huwa najihesabia siku moja ya kupona kwa kila saa moja ya tofauti, na mikutano ya siku mbili za kwanza sikubali tena kuongea. Niliwahi kukubali. Nilijibu swali ambalo halikuwa limeulizwa.

Wiki iliyopita mdogo wangu, ambaye siku hizi anafanya kazi hukohuko, aliniuliza nitafika lini na saa ngapi. Nilimtumia namba ya ndege, herufi HND za Haneda, na 06:55 yenye sifuri yake mbele.

"Saa moja kasoro tano asubuhi, nimekuelewa dada," akaandika. Kisha, baada ya kimya kidogo: "Na safari hii mnapita wapi?"